Panda Mbungo Wako: Mwongozo kwa Mkulima wa Wampembe na Mwambao wa Tanganyika

Mabungo huliwa na wengi, lakini mbungo hupandwa na wachache. Tunda huokotwa kando ya mto, mtoto hurudi nyumbani vidole vimenata na meno yamekufa ganzi kwa uchachu, na mambo huishia hapo. Wakati huohuo ukingo wa mto unafyekwa kwa ajili ya bustani, mti uliobeba mbungo unaangushwa kwa ajili ya mbao au kuni, na mbungo wenyewe unakwenda na mti huo bila mtu kuulilia.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye Wampembe, au popote mwambaoni kuanzia Kabwe na Kipili hadi Kasanga, mwenye shamba la bondeni, uwanja wa nyumba, au hata mti mmoja mkubwa unaosimama bila kazi. Utajifunza kuutambua mbungo, kupata mbegu iliyo hai, kukuza mche, kuupandisha mahali panapoufaa, na kuvuna bila kuuua. Huhitaji mtaji mkubwa. Unahitaji subira, kwa kuwa huu si mchicha wa kuvunwa baada ya wiki tatu.

Jua unachopanda

Mbungo unaozungumziwa hapa ni ule ambao wataalamu wa mimea wanauita Saba comorensis. Ni mmea wa kutambaa wenye shina gumu la mti, unaopanda juu ya miti mingine hadi kileleni kufuata jua. Asili yake ni pana: unaota kwenye misitu ya visiwa vya Komoro, Unguja na Pemba, unaota Madagaska, na bara unafuata mito na maziwa kutoka Afrika Magharibi hadi Msumbiji. Huku kwetu unapenda kingo za mito inayoshuka kutoka uwanda wa Ufipa kuingia ziwani, mahali ambapo ardhi haikauki kabisa hata kiangazi.

Ukitaka kuutambua, anza na majani. Yamekaa mawili mawili, kila jani likitazamana na mwenzake, ni mapana kiasi, magumu kama ngozi na yanang'aa upande wa juu. Kisha tazama ncha za matawi: utaona vikono vinavyojizungusha kwenye chochote vinachokigusa, navyo ndivyo vinavyoubeba mmea kwenda juu. Maua ni meupe yenye koo la manjano, huchanua kwa vishada na yana harufu nzuri inayofanana na ya asumini.

Halafu fanya jaribio la utomvu. Kata kikonyo cha jani moja kwa ukucha. Tone jeupe kama maziwa litatoka papo hapo. Lichukue kwa kidole gumba na cha shahada, ulisugue kidogo, kisha uachanishe vidole polepole: litavutika na kuwa uzi. Huo ndio ulimbo ambao watoto huupaka kwenye vijiti ili kutega ndege.

Tunda likiwa changa ni la kijani. Likiiva huwa la manjano au rangi ya chungwa, na kwa umbo na ukubwa hukaribia chungwa dogo. Ganda lake ni nene. Ukilipasua utakuta mbegu nyingi zimesongamana, kila moja imevikwa nyama laini ya rangi ya chungwa yenye nyuzinyuzi na maji mengi machachu. Nyama hiyo imeshika mbegu kwelikweli, haibanduki kwa kuibonyeza mara moja. Ndiyo maana mla mabungo hufyonza badala ya kutafuna.

Usichanganye na mimea hii

Mbungo una ndugu na una wanaofanana nao, na si wote wema.

Ndugu wa karibu ni mibungo midogo ya jamii ya Landolphia. Nayo hutambaa, hutoa utomvu mweupe, na baadhi ina matunda yanayoliwa. Mengi ya matunda hayo ni madogo kuliko bungo la Saba. Ukiyapata si hasara, lakini kama lengo lako ni juisi, tafuta lile kubwa.

Wa kuogopwa ni Strophanthus. Huyu ni wa ukoo uleule wa mimea, naye hupanda juu ya miti au husimama kama kichaka, na mbegu zake zimetumika tangu zamani kutengeneza sumu ya mishale. Daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk, aliyefuatana na David Livingstone katika safari ya Zambezi ya mwaka 1858 hadi 1864, aligundua nguvu yake kwa ajali. Mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu hiyo, na alipoutumia aliona mapigo ya moyo wake yamepungua. Baadaye sumu hiyohiyo ikawa dawa ya moyo hospitalini, lakini kwa kipimo cha daktari, si cha mtu aliyeokota porini.

Kutofautisha Strophanthus na mbungo ni rahisi mmea unapokuwa na matunda. Tunda la Strophanthus ni refu, mara nyingi mawili yameungana kwenye shina na kuelekea pande mbili kama pembe. Likikauka hupasuka lenyewe na kutoa mbegu zenye manyoya marefu zinazopeperuka na upepo. Bungo halina manyoya wala halipasuki. Ni la mviringo na la majimaji. Kanuni ni moja: usiile, usiikaushe, wala usiipande mbegu uliyoitoa kwenye mmea ambao hujaona tunda lake.

Mtonga nao huwachanganya wageni kwa kuwa tunda lake ni la mviringo na la manjano. Lakini mtonga ni mti unaojisimamia, ganda lake ni gumu la kugonga, na hautoi maziwa meupe ukiukata.

Majina ya kienyeji hubadilika kijiji kwa kijiji, kwa hiyo usimwendee mzee na jina tupu. Mpelekee jani, ua au tunda lenyewe, umwombe akuonyeshe ulipo mmea mama.

Je, kwako utaota?

Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo ni joto mwaka mzima, na mbungo ni mmea wa nyanda za chini na joto. Kwa hiyo Wampembe, Kala, Kipili na vijiji vingine vya mwambaoni viko mahali pake.

Ukipanda juu, mambo hubadilika. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800, na usiku wa Juni na Julai baridi yake inajulikana. Mwenyeji wa huko asihangaike na mbungo. Apande parachichi, matofaa na mapichi, kisha anunue mabungo yakiletwa kutoka ziwani. Hapa kuna faida kwako wa mwambaoni. Ganda nene la bungo linavumilia safari ya kupanda milima hadi Namanyere na Sumbawanga kuliko embe lililoiva au papai.

Tatizo la mwambaoni ni maji, kwa kuwa mkoa wetu wa Rukwa una msimu mmoja wa mvua. Zinaanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika Aprili au Mei, baada ya hapo ni kiangazi mpaka mwisho wa Oktoba. Mbungo mkubwa ukingoni mwa mto una mizizi inayofika kwenye unyevu. Mche wako hauna. Ama uupande bondeni ambako ardhi hushika maji, ama uwe tayari kuumwagilia kwa kiangazi cha kwanza na cha pili. Mchanga mtupu wa ufukweni haufai; rudi nyuma kidogo mpaka upate udongo mweusi uliochanganyika na majani yaliyooza.

Kupata mbegu iliyo hai

Hapa ndipo wengi hukosea: wanakula bungo leo, wanaanika mbegu juani, wanaziweka kwenye kopo, kisha wanazipanda mvua za mwaka unaofuata. Hakuna kinachoota. Mbegu ya bungo si mahindi wala maharage. Imezoea kudondoka kwenye udongo wenye unyevu na kuota mara moja. Ikikauka, imekufa.

Fanya hivi. Chagua mmea mama ulio na afya na matunda makubwa matamu, na kama unaweza chukua matunda kutoka mimea miwili au mitatu iliyo mbalimbali ili miche yako isiwe ya mama mmoja. Okota yaliyoiva kabisa, hasa yaliyodondoka yenyewe. Yapasue, fyonza au kamua nyama, kisha sugua mbegu kwa mchanga mkavu au kitambaa kigumu mpaka nyuzinyuzi zitoke, na uzioshe. Nyama ikibaki itawaita sisimizi na kuleta ukungu. Zilizo nyepesi, zilizosinyaa au zenye matundu zitupe.

Panda siku hiyohiyo au kesho yake. Kama lazima uzisafirishe, mathalani umezipata Kipili na unapanda jahazi au boti kurudi Wampembe, zifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu au uziache ndani ya tunda lenyewe mpaka ufike.

Porini kazi hii hufanywa na wanyama. Katika Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti wake Julai 1960, na katika Mahale, ambako Toshisada Nishida alianza mwaka 1965, mabungo ni miongoni mwa vyakula vikuu vya sokwe mtu. Sokwe humeza mbegu pamoja na nyama yake, hutembea mbali, kisha huziacha kwenye kinyesi zikiwa nzima, mahali papya penye unyevu na mbolea. Nasi wa Rukwa tuna sokwe wetu: mwaka 1997 watafiti waliripoti kuwapo kwa sokwe mtu katika eneo la mto Lwazi, kusini zaidi ya mahali walipojulikana kuishi kabla ya hapo. Msitu ukipoteza sokwe, nyani na tumbili wake, mbegu zote hubaki chini ya mama na kusongana. Ukiona miche mingi midogo imejazana chini ya mbungo mmoja, ujue wabebaji wamepungua.

Miche hiyo pia ni njia ya pili ya kupata mmea. Baada ya mvua nzuri, chimba michache iliyo na majani manne hadi sita, uinue na donge lake la udongo bila kutikisa mizizi, uiweke kwenye viriba na uifunike kivuli kwa wiki chache. Usichimbe yote, acha mingi kuliko uliyochukua.

Kitalu

Jaza viriba kwa mchanganyiko wa udongo wa juu wa msituni sehemu tatu, samadi iliyooza vizuri sehemu moja na mchanga sehemu moja. Chagua viriba virefu kuliko vile vya miche ya mboga, kwa sababu mche utakaa humo miezi mingi. Toboa matundu chini.

Mwagilia kiriba kwanza, kisha weka mbegu mbili kwa kina cha sentimita mbili hivi, ufukie na kutandaza nyasi kavu nyembamba. Jenga kichanja cha nyasi au makuti juu ya kitalu, kiruhusu mwanga wa kuchujika lakini si jua kali la adhuhuri. Udongo uwe na unyevu siku zote, usiwe tope. Zikiota zote mbili, acha ulio na nguvu. Mwingine uhamishie kiriba kingine ungali mdogo.

Panya na kuku ni adui wa kitalu, basi zungushia miiba au wavu. Mche ukianza kurefuka, utautafutia kitu cha kushika. Uchomekee kijiti, la sivyo miche itashikana yenyewe kwa yenyewe na utaivunja siku ya kuitenganisha.

Mwezi mmoja kabla ya kupanda shambani, punguza kivuli kidogo kidogo ili miche izoee jua. Ukiwa umesia mbegu wakati wa mvua, ni vyema miche ikae kitalini kiangazi chote ikimwagiliwa, iende shambani mvua za msimu unaofuata zikishika. Mche mkubwa uliopandwa Novemba au Desemba una miezi mitano ya mvua ya kujijenga. Uliopandwa Machi unakutana na kiangazi ungali mchanga.

Mti wa kubeba

Mbungo ukikua ni mzito, na majani yake hufunika mti uliopandwa juu yake na kuunyima jua. Kwa hiyo usiupandishe juu ya mwembe wako wa biashara, wala mche mchanga wa mninga unaoutunza kwa ajili ya mbao. Baada ya miaka utakuwa umepoteza vyote viwili.

Mti unaofaa ni mkubwa, ulio hai, wenye matawi imara, ambao huutegemei kwa kitu kingine. Mkuyu wa kando ya mto ni mzuri sana, na hata porini mara nyingi utaukuta umebeba mbungo. Mti uliokufa usiutumie hata ukiwa mnene kiasi gani. Mchwa wataula na utaanguka siku mbungo unapoanza kuzaa.

Kama huna mti, jenga kichanja. Tumia nguzo za mti usioliwa na mchwa, zifukie vizuri, juu upange fito imara kwa urefu wa mita mbili na nusu hivi. Faida ya kichanja ni kubwa: utavuna kwa mkono, utapogoa bila kupanda juu, na chini yake utapata kivuli cha kupumzikia. Mahali pa wazi pasipo na cha kushika, mbungo hujilundika wenyewe na kuwa kichaka kikubwa. Mmea wa namna hiyo nao huzaa, ila unataka nafasi na kupogolewa mara kwa mara.

Kupanda na kutunza

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, umbali wa mita moja hadi moja na nusu kutoka kwenye shina la mti wa kubeba, upande unaopata mwanga zaidi. Ukipanda karibu mno, mizizi ya mti mkubwa itaunyang'anya mche maji. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, rudisha shimoni, panda mche kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kwenye kiriba, shindilia na mwagilia.

Chomeka fito ya kuongoza kutoka kwenye mche hadi tawi la chini la mti. Funga shina kwa kamba laini, usikaze, kwa sababu shina litanenepa.

Mwaka wa kwanza na wa pili kazi zako ni tatu. Ya kwanza ni maji: kiangazi mwagilia mara mbili kwa wiki na tandaza nyasi nene kuzunguka shina, ukiacha nafasi ndogo ili nyasi zisiliguse. Ya pili ni mbuzi: wekea uzio wa miiba mpaka mmea upite urefu wa midomo yao. Ya tatu ni moto. Kuanzia Juni nyasi zimekauka, na moto wa kusafishia mashamba huteremka mpaka mabondeni. Palilia mduara wa mita tatu kuzunguka mmea na mti wake uwe udongo mtupu kabla Juni haijaisha.

Kupogoa kuna wakati wake. Maua ya mbungo hutokea kwenye ncha za matawi, kwa hiyo ukikata ovyo unakata matunda ya msimu unaokuja. Pogoa mara tu baada ya kuvuna, uondoe matawi makavu, yaliyosongamana na yanayokimbilia kilele ambako hutayafikia. Vaa nguo za zamani: utomvu ukishaganda kwenye kitambaa hautoki. Kwenye mikono na panga, paka mafuta ya kula, sugua, kisha osha kwa sabuni.

Kuvuna: chukua tunda, acha shina

Usivune kwa kalenda, vuna kwa rangi. Bungo la kijani halikomai vizuri ukilikata mapema, na litakutapakazia utomvu. Subiri ganda ligeuke manjano au chungwa, tunda liachie kwa kuguswa. Tumia upembo kuyavuta ya juu. Kamwe usikate shina ili kushusha matunda. Unavuna mara moja kitu ambacho kingekulisha wewe na wanao.

Onyo hili lina historia. Miaka ya mwisho ya karne ya 19, dunia ilipohitaji mpira kwa magurudumu na mashine, mimea ya jamii ya mbungo ndiyo iliyowindwa katika Afrika Mashariki na Kongo. Ule uliothaminiwa zaidi Pwani yetu ulipewa jina la Landolphia kirkii kwa heshima ya yuleyule Kirk wa mswaki, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja. Ng'ambo ya ziwa, katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold iliyodumu kuanzia 1885 hadi 1908, watu walilazimishwa kwa mateso kuleta mpira, na kwa hofu ya kukosa kiwango walikata mmea wote ili kukamua kila tone. Eneo baada ya eneo likaishiwa. Wakati huo mbegu za mpira wa Brazili zilizopelekwa Uingereza mwaka 1876 zilikuwa zimeshakuwa mashamba huko Asia, na bei ya mpira wa porini ikaporomoka.

Basi usidanganywe na mtu atakayekuja na habari ya kununua utomvu wa mbungo. Utomvu wa Saba ni duni kwa mpira, na kuukamua kunaudhoofisha mmea. Mali ya mbungo ni tunda lake.

Juisi

Chukua mabungo kumi yaliyoiva na lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya ziwani usiyatumie mabichi hata yakionekana safi kiasi gani.

Osha matunda, yakate katikati, toa mbegu na nyama yake kwa kijiko. Usikwangue mpaka kwenye ganda, kwani huko ndiko kuna utomvu. Weka kwenye bakuli, mimina nusu ya maji, acha dakika ishirini ili nyama ilegee. Kisha kamua kwa mkono safi mpaka mbegu zianze kuonekana wazi. Chuja kwa chujio, rudisha mbegu bakulini, mimina maji yaliyobaki, kamua tena na kuchuja. Ukitumia mashine ya kusagia, izungushe kidogo tu. Mbegu zikisagika juisi huharibika ladha.

Tia sukari ukionja, kwa maana uchachu hutofautiana mmea kwa mmea. Unguja na Dar es Salaam juisi ya mabungo huuzwa baridi kama ya embe au ya ukwaju, na wengine huongeza iliki. Mahali pasipo na friji, tengeneza ya kunywewa siku hiyohiyo. Mbegu ulizobakiwa nazo usizitupe jalalani, zipeleke kitalini.

Sheria na msitu

Ukienda kutafuta mbegu au miche nje ya shamba lako, pitia kwanza serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili. Msitu wa hifadhi ya kijiji una taratibu zake chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na misitu ya hifadhi ya serikali kuu inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Pori la Akiba la Lwafi si mahali pa kuingia bila kibali, hata kwa kapu moja la mabungo.

Kumbuka pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, shughuli za kudumu au zile zinazoweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Mita hizo 60 ndizo makao ya mbungo. Anayezifyeka kwa ajili ya bustani ya nyanya anapoteza mabungo, anapoteza kivuli kilichohifadhi maji ya mto, na mvua kubwa ikija udongo wake huishia ziwani, kwenye miamba ambako samaki hutaga.

Kwa hiyo kama una eneo linalopakana na mto, njia iliyo rahisi kuliko zote ya kuwa na mbungo ni kuacha ukingo ujirudie wenyewe: usifyeke, usichome, na palipo na pengo upande mkuyu na mbungo pamoja. Mkuyu utashika udongo, mbungo utashika mkuyu.

Ukimaliza msimu huu ukiwa na miche kumi hai, mitatu ipande kwako, miwili mpe jirani, miwili ipeleke shule ya msingi iliyo karibu nawe, na mitatu irudishe ukingoni mwa mto ulikochukua mbegu. Kijiji chenye mabungo ya nyumbani hakina sababu ya kuumaliza msitu, na watoto watapata cha kufyonza bila kuvuka mto.